Pai ya embe kwenye jiko la mkaa: mwongozo kwa aliyeshindwa zaidi ya mara moja

Kila mwaka maembe yanapoanza kumwagwa chini sokoni Tabora, simu yangu hujaa picha za pai zilizoharibika. Nimeziangalia nyingi mpaka nimegundua kuwa ni picha tatu tu zinazojirudia. Ya kwanza: juu pameungua, chini unga mbichi umeng'ang'ania sahani. Ya pili: ganda gumu, linavutika kama chapati ya juzi. Ya tatu ndiyo inayouma zaidi: pai imetoka nzuri, imepigwa picha, halafu kisu kikaingia na maji ya embe yakafurika sahani nzima.

Wanaonitumia picha hizo si watu wasiojua jiko. Wengi wao wanasukuma chapati za kunitia aibu. Na hapo ndipo penye shida. Chapati inataka maji ya uvuguvugu, mafuta ya maji na kukandwa mpaka donge lilainike kama sikio. Pai inataka maji ya baridi, mafuta yaliyoganda na mtu anayejua kuacha mapema. Mkono wa chapati ukiingia kwenye bakuli la pai, kazi imeharibika kabla hata mkaa haujashika.

Hii ni pai ya nyumbani kwetu, ya bibi, inayookwa kwenye sufuria la mchanga, makaa chini na makaa juu. Ilikotoka tuiache, tushike kazi. Ukianza asubuhi utaila jioni, ila muda mwingi ni wa kusubiri.

## Vya kuandaa kabla hujawasha moto

Vya ganda:
- Unga wa ngano wa kawaida gramu 375, yaani robo tatu ya nusu kilo. Usichukue ule uliokwisha kuchanganywa na kitu cha kuumulia.
- Mafuta meupe ya mgando gramu 125, nusu ya kopo la gramu 250.
- Blue Band gramu 60 hivi, robo ya kopo la gramu 250.
- Chumvi nusu kijiko cha chai.
- Maji ya baridi vijiko 6 hadi 8 vya chakula.

Unga unaobaki utanyunyizia kibao, na mafuta yanayobaki utapaka sahani. Bibi hakuwa na mizani. Alikuwa na robo, nusu na robo tatu, na hakukosea.

Kwa nini mafuta ya aina mbili? Yale meupe hayana maji, ndiyo yanayofanya ganda livunjike kwa kumeguka. Blue Band inaleta ladha na rangi. Ukiweka meupe peke yake utapata ganda zuri lisilo na ladha ya kitu.

Vya ndani:
- Embe kilo 1, ikiwa imeshamenywa na kukatwa. Nunua matano au sita makubwa.
- Sukari vijiko 4 vya chakula.
- Asali vijiko 3 vya chakula.
- Unga wa muhogo mkavu, uliochekechwa, vijiko 3 vya chakula.
- Maji ya ndimu 1, iliki punje 5 zilizotwangwa, chumvi chembe kidogo.
- Karanga zilizokaangwa na kutwangwa zikabaki chengachenga, kiganja kimoja.
- Yai 1 la kupaka juu.

Vyombo: sahani ya bati yenye kina kidogo na mdomo mpana, kipenyo sentimita 23 hivi. Sufuria nene ambalo sahani hiyo itaingia na kubakiza nafasi ya vidole viwili pande zote. Sinia kuukuu la kufunikia, lenye ukingo ili makaa yasidondoke. Mchanga uliochekechwa. Majiko mawili ya mkaa, koleo, kibao na mpini wa chapati, na glavu au vitambaa vinene.

Sahani ya kioo usiithubutu. Ikikaa juu ya mchanga wa moto itapasuka, nawe utakuwa unatafuta vipande vyake ndani ya embe.

## Hatua ya 1: Poza mafuta na maji usiku uliotangulia

Mwenye friji hana kazi hapa: weka mafuta na maji humo, ukalale.

Asiye na friji afunge makopo ya mafuta ndani ya mfuko wa nailoni, ayatumbukize kwenye ndoo ya maji, afunike ndoo kwa kitambaa kilicholowa, kisha aiache mahali penye upepo. Maji ya kuchanganyia yatoke kwenye mtungi. Unga nao usikae karibu na jiko.

Changanya unga alfajiri. Tabora ya saa kumi na mbili asubuhi na Tabora ya saa nane mchana ni miji miwili tofauti.

Utajua umefanikiwa: ukikata mafuta kwa kisu, kipande kinasimama chenyewe. Kikianza kung'aa na kulegea ukingoni, rudisha kwenye maji.

## Hatua ya 2: Fikicha, usikande

Chekecha unga na chumvi kwenye bakuli pana. Kata mafuta vipande vidogo kama punje za mahindi, uvimwage juu ya unga. Sasa fikicha kwa ncha za vidole, ukiinua unga juu na kuuachia udondoke. Kiganja kisiguse, kwa sababu kiganja ndicho chenye joto.

Simama mapema kuliko unavyotaka. Vipande vingi viwe kama chenga za mkate, na vingine vibaki vikubwa kama punje za kunde. Mtu wa chapati akiviona hivyo vikubwa huona kazi haijaisha, akaendelea kufikicha mpaka vyote vipotee. Kumbe hivyo ndivyo vinavyotakiwa. Pai ikiingia motoni vinayeyuka, maji yaliyomo kwenye unga yanageuka mvuke, na pale mafuta yalipokuwa panabaki uwazi mwembamba. Tabaka zinazomeguka hutokea hapo. Mafuta yakiyeyuka bakulini, hakuna kitakachoyeyuka motoni.

Ukiona unga unaanza kung'ang'ania vidole na kugeuka njano, joto limekuzidi. Usiongeze unga. Weka bakuli lote juu ya sufuria la maji ya baridi kwa robo saa, ndipo uendelee.

## Hatua ya 3: Maji kidogo, mkono mfupi

Nyunyiza vijiko 5 vya maji kwanza, ukikoroga kwa uma. Ongeza kijiko kimoja kimoja. Kila mara chukua unga kiasi, ufumbate: ukishikana bila kupasuka, inatosha. Kama bado unamwagika kama mchanga, ongeza kijiko kingine. Mara nyingi mimi huishia cha saba.

Kisha ukusanye tu. Usinyooshe wala usipige, na ile raha ya kukunja na kusukuma kwa kiganja iache kwa ajili ya chapati. Unga wa ngano ukikutana na maji na kukandwa hutengeneza nyuzi zinazovutika. Kwenye chapati na mkate tunazitafuta kwa jasho. Kwenye pai ndizo zinazoleta ganda gumu, na ndizo zinazofanya ganda lisinyae na kuacha ukingo wa sahani likiwa motoni.

Gawa madonge mawili, moja kubwa kidogo kuliko jingine. Bonyeza kila moja liwe bapa, lifunge kwenye nailoni, liache mahali pa baridi saa moja. Saa moja hiyo si ya mapambo: nyuzi zilizokwisha kujitengeneza zinalegea, na maji yanaenea sawasawa. Wifi yangu aliwahi kuiruka hatua hii kwa kuwa wageni walikuwa njiani. Kila akisukuma, donge likarudi kama mpira wa manati.

Utajua umefanikiwa: donge lina mabaka meupe ya mafuta na kingo zilizopasukapasuka kidogo. Likiwa laini na linang'aa kama la chapati, litengenezee chapati kweli, halafu uanze upya.

## Hatua ya 4: Toa maji ya embe kabla hayajakutoa wewe

Chagua embe dodo iliyoanza kuiva. Ukiibonyeza kwa kidole gumba inazama kidogo tu, na ikikatwa ni ya njano lakini inasimama. Iliyoiva kabisa inageuka uji ndani ya pai. Yale madogo ya kienyeji yenye nyuzi ni matamu kuliko yote ukiyafyonza chini ya mwembe, ila ndani ya pai utakula na kuchokoa meno kwa wakati mmoja.

Kata vipande vyembamba, unene wa nusu sentimita. Changanya na sukari, ndimu na chumvi, uache dakika 45. Sukari itavuta maji kutoka kwenye embe.

Mimina kwenye chujio, maji yote yaingie kwenye sufuria dogo. Hayo ndiyo yangekufurikia mezani. Yachemshe polepole mpaka yapungue yafike nusu na kushika mgongo wa kijiko. Epua, ndipo utie asali na iliki. Ukiichemsha asali, harufu yake inakwenda na mvuke.

Kuhusu asali kwetu kuna ugomvi usioisha. Mama mdogo anasema asali inaunguza ganda, tuweke sukari tupu. Ana haki kidogo: asali hukolea rangi upesi kuliko sukari, na ikichuruzika nje ya ganda inageuka nyeusi. Lakini kuishi Tabora, watu wanarina asali misituni Sikonge, halafu upike pai ya sukari tupu? Weka vijiko vitatu, usizidishe, na ionje kwanza. Iliyorinwa kwa moshi mwingi itakupa pai yenye harufu ya moshi.

Acha shira ipoe kabisa. Changanya na vipande vya embe na unga wa muhogo. Muhogo unashika maji yaliyobaki bila kuleta ladha ya unga. Uwe umechekechwa kwa kitambaa, la sivyo chenga zake zitasikika mdomoni.

Onyo: usiweke embe ya moto wala ya uvuguvugu kwenye ganda. Mafuta uliyoyapoza usiku kucha yatayeyuka kwa dakika mbili.

## Hatua ya 5: Moto, mahali wengi wanapoangukia

Washa mkaa nje, au jikoni penye madirisha wazi. Majiko mawili ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na inaua.

Mimina mchanga kwenye sufuria, kina cha sentimita 2 hadi 3. Uwe umeukaanga ukauka kabisa. Mchanga mbichi utatoa mvuke, na pai yako itachemka badala ya kuoka. Funika kwa sinia, bandika kwenye moto mkali dakika 25. Jiko la pili liwe na makaa ya akiba, yaliyoshika mpaka yana majivu meupe juu. Bila jiko la pili utajikuta unawasha mkaa mpya katikati ya kuoka, moto unashuka, ganda linakunywa maji.

Kupima joto: weka unga kijiko cha chai kwenye kifuniko cha kopo, ukiweke juu ya mchanga, ufunike kwa sinia lenye makaa. Baada ya dakika 5 ufunue. Rangi ya karanga iliyokaangwa vizuri ndiyo unayoitaka. Ukiwa bado mweupe, ongeza makaa. Ukiwa mweusi, punguza na usubiri.

Sasa sikiliza hili vizuri, maana ndilo jibu la ile picha ya kwanza. Tumezoea keki: moto mdogo chini, mwingi juu, na chombo kimeinuliwa juu ya vijiwe ili chini pasiungue. Kwa keki ni sawa. Pai chini yake kuna unga mbichi umelaliwa na kilo ya embe yenye maji. Usipoupiga moto mkali mwanzoni, unalowa kabla haujaiva, na ukishalowa hauivi tena. Kwa hiyo pai inakaa juu ya mchanga wenyewe, hakuna vijiwe, na robo saa ya kwanza moto wa chini ndio mkubwa.

## Hatua ya 6: Sukuma na upange

Fanya hatua hii mchanga ukiwa unapata moto.

Nyunyiza unga kwenye kibao. Sukuma donge kubwa kutoka katikati kwenda nje, ukiligeuza robo mzunguko kila mara, mpaka unene uwe kama wa sarafu ya shilingi 200 mbili zikibebana. Lizungushe kwenye mpini, ulifungue juu ya sahani iliyopakwa mafuta. Lishushe kwenye pembe kwa kulilegeza. Ukilivuta lifike, litarudi likiwa motoni.

Tandaza karanga zilizotwangwa juu ya ganda la chini. Hiyo ndiyo siri ya bibi, kama tunaweza kuiita siri wakati kila mtu nyumbani anaijua. Karanga zinakaa kati ya embe na unga, zinakunywa maji ya kwanza, na ladha yake na embe zinaelewana.

Panga embe, katikati pawe juu kidogo. Sukuma donge la pili, funika, lowanisha kingo kwa maji na uzifinye kwa uma. Toboa mistari minne juu ili mvuke upate njia, la sivyo utajitafutia mwenyewe pembeni. Paka yai lililopigwa, safu nyembamba.

## Hatua ya 7: Oka

Shusha sahani juu ya mchanga. Funika, ila chomeka msumari mmoja chini ya ukingo wa sinia ili pabaki ufa wa mvuke. Makaa ya juu yapange kwa duara, yakifuata ukingo wa sinia, katikati paachwe wazi. Katikati ndiko kunakoungua kwanza.

Dakika 15 hadi 20 za kwanza: moto wa chini mkali, wa juu kiasi. Usifunue.

Kisha toa theluthi moja ya makaa ya chini uyapeleke jiko la pili. Endelea dakika 40 nyingine. Kila dakika 15 zungusha sufuria robo mzunguko, kwa kuwa upepo hupuliza upande mmoja wa jiko. Kama juu panakolea mapema, punguza makaa ya sinia, usiguse ya chini.

Mwenye jiko la umeme au la gesi lenye oveni: nyuzi 200 kwa dakika 20, sahani ikiwa ngazi ya chini, kisha nyuzi 180 kwa dakika 35 hadi 40.

Utajua imeiva kwa mambo matatu, na yote yawepo. Rangi ya juu ni hudhurungi hata kwenye mistari uliyotoboa. Shira inayotokota kwenye mistari hiyo ni nzito, mapovu yake yanapasuka polepole. Mapovu mepesi ya harakaharaka maana yake muhogo haujashika. Na ukishika sahani kwa kitambaa na kuitikisa kidogo, pai nzima inateleza. Ikiwa imeganda kwenye sahani, chini bado. Rudisha, hata kama watoto wanalia.

## Hatua ya 8: Usikate

Subiri kwa saa tatu nzima. Najua, lakini saa tatu.

Muhogo unashika shira inapopoa. Ukikata pai ya moto utapata mafuriko hata kama ulifanya yote sawasawa, nawe utalaumu mwongozo. Iweke juu ya kitu chenye uwazi chini, kama wavu wa kuchomea nyama, hewa ipite. Ikikaa juu ya meza tupu, jasho lake litalowesha lile ganda la chini ulilolipigania.

## Maembe yakiisha

Ganda ni lilelile. Kwa pai ya kuku wa kienyeji, chemsha, chambua mifupa, kaanga na kitunguu mpaka mchuzi ukauke kabisa, upoze. Rojo isibaki zaidi ya kijiko.

Shemeji zangu wa Kigoma wanatia mgebuka wa kukausha, aliyechambuliwa miiba, kitunguu kingi na pilipili. Wanapaka ganda mawese badala ya yai, linatoka na wekundu wake. Karanga wanaziacha, na nimekubali kwamba hapo wako sahihi. Miiba lakini ichambuliwe kwenye mwanga wa mchana. Hilo nimejifunza kwa koo langu.

Vipande vya donge vinavyobaki usitupe. Bibi alivikata vijiti, akavinyunyizia sukari na kuvioka juu ya mchanga uliobaki na joto. Pai ikiwa bado inapoa, watoto walikuwa na cha kutafuna, na hakuna aliyeikaribia sahani.

Pai iliyobaki funika kwa kitambaa, si kwa nailoni, maana nailoni inarudisha mvuke kwenye ganda. Asubuhi ipashe kidogo juu ya mchanga wa moto, ule na chai ya rangi, na isilale usiku wa pili.